Kuchora nyumba na undugu wa Wazuni: anzia kwa bibi

Alama ya kwanza kwenye karatasi iwe ya bibi mwenye nyumba. Usianze na babu, wala na mume na mke wake, wala na yule unayemsoma habari zake. Wazuni, watu wa asili wa Marekani ambao wenyewe hujiita A:shiwi, huhesabu ukoo kukeni: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na nyumba ni mali ya wanawake. Ukianza na baba mwenye nyumba, kama tulivyozoea kujaza fomu, mchoro utakwenda sawa kwa vizazi viwili tu. Kizazi cha tatu mistari itaanza kugongana, na kosa litakuwa lilelile la mwanzo.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu au mfasiri anayekutana na Wazuni katika maandishi na anataka kila mtu akae nyumbani kwake na kuitwa kwa jina lake la undugu. Kijiji chao, Halona:wa, kiko magharibi mwa jimbo la New Mexico, Marekani, kando ya mto Zuni, kiasi cha kilomita 60 kusini mwa mji wa Gallup. Lugha yao haina lugha nyingine yoyote ya jamaa inayojulikana. Kwa hiyo majina ya undugu ya majirani, kama Wahopi na Wanavajo, hayatakusaidia kubahatisha ya Wazuni, ingawa majirani hao nao huhesabu ukoo kwa mama.

Vifaa

Karatasi ya A3 mbili, penseli, kifutio, na penseli za rangi sita au zaidi. Pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke, mistari miwili midogo iliyolala ni ndoa, na mkato wa mshazari juu ya alama ni marehemu. Hizo ni alama za kawaida za michoro ya undugu popote. Kwa Wazuni ongeza moja: mstatili mkubwa unaozunguka watu wanaolala chini ya paa moja. Bila mstatili huo utakuwa umechora damu ukasahau nyumba, na kwa Wazuni nyumba ndiyo inayobeba mambo.

Karatasi mbili zina sababu yake. Kila Mzuni ana nyumba mbili zinazomhusu moja kwa moja, ya mama yake na ile alikozaliwa baba yake, na ukizibana pamoja kwenye karatasi moja hutapata nafasi ya kuandika maneno.

Tahajia kwanza

Kabla hujaandika neno lolote, amua utatumia tahajia ipi. Maandishi ya zamani hutumia t na p mahali ambapo tahajia ya sasa ya Wazuni hutumia d na b. Mlima mtakatifu ulio karibu na kijiji utauona umeandikwa Towayalane kwa mmoja na Dowa Yalanne kwa mwingine. Baba ni tachchu au dachchu. Ni neno moja, na usiwagawe kuwa watu wawili. Nukta mbili baada ya irabu, kama katika A:shiwi, ni alama ya kuvuta irabu hiyo. Konsonanti iliyoandikwa mara mbili hushikiliwa kidogo kabla ya kuachiwa. Sauti ya k mbele ya a huelekea ky, na ndiyo maana mwandishi mmoja ataandika kaka na mwingine kyakya. Hapa tunatumia t na p, kwa kuwa ndizo utakazozikuta katika maandishi mengi ya kitaalamu.

Majina haya kwa kawaida hutajwa na mwenyewe: hom ni -angu, tom ni -ako, na an ni -ake. Hom tsitta ni mama yangu, tom tsitta ni mama yako. Ukikuta hom katika maandishi, simama ujiulize anayesema ni nani na ni mwanamume au mwanamke, kwa sababu jibu hubadilisha neno linalofuata.

Chora mstatili, ujaze wanawake

Weka bibi juu. Chini yake wapange binti zake wote, hata walioolewa, kwa maana kwa desturi hawaondoki. Chini ya kila binti weka watoto wake wa kike na wa kiume. Huo ndio uti wa nyumba: tumbo moja likifuatwa na matumbo yaliyotoka humo.

Sasa waongeze wanaume, na hapa kuna makundi mawili yasiyochanganyika. Kuna waliozaliwa humo, yaani kaka na wana wa hao wanawake, na kuna waliokuja kwa ndoa. Kwa desturi, mwanamume akioa huhamia nyumbani kwa mkewe. Analima mashamba ya nyumba hiyo, na mahindi yakishaingia ghalani yanakuwa chini ya mamlaka ya wanawake. Kwa hiyo kila mwanamume aliyeoa mchore mara mbili: alama kamili ndani ya mstatili wa mkewe, na alama ya vitone ndani ya mstatili wa mama yake. Alama ya vitone si pambo. Nyumba ya mama na dada zake inabaki kuwa kwao maisha yote. Huko hurudi kwa shughuli za ibada za ukoo wake, huko ana sauti juu ya watoto wa dada zake, na huko atarudi ndoa ikivunjika. Maandishi ya zamani yanaeleza kwamba mke aliyekwisha kuamua aliweka vitu vya mume nje ya mlango. Mwanamume akivikuta hapo alivichukua na kwenda kwa mama yake, na watoto wakabaki. Hapakuwa na ugomvi wa nyumba ni ya nani, kwa kuwa haikuwahi kuwa yake.

Kondoo ni habari nyingine. Walipoingia kwa njia ya Wahispania, mifugo hiyo ikawa ya wanaume, na ndugu wa kiume waliunganisha makundi yao na kupokezana zamu ya kuchunga. Ukisoma kwamba mwanamume wa Kizuni ana mali, tazama kama inayosemwa ni mifugo au ni nyumba, kabla hujabadilisha mchoro.

Paka rangi za koo

Kila ukoo upewe rangi moja. Koo za Wazuni ni kumi na kadhaa, na majina yao huishia na -kwe, maana yake watu: Suskikwe ni watu wa koyote, Tonashikwe watu wa melesi, Ainshikwe watu wa dubu, Towakwe watu wa mahindi, Tonakwe watu wa bata mzinga. Pichikwe, ukoo uitwao wa mti wa dogwudi, ndio uliokuwa mkubwa kuliko zote na una matawi ndani yake.

Baada ya kupaka, fanya jaribio. Wote waliozaliwa ndani ya mstatili mmoja lazima wawe na rangi moja, na kila mwanamume aliyekuja kwa ndoa lazima awe na rangi tofauti na hiyo. Ukiona mtoto mwenye rangi ya baba yake, umeteleza kwenye mazoea. Ukiona mume na mke wa rangi moja, rudi kwenye chanzo chako usome tena, maana kuoana ndani ya ukoo mmoja ni mwiko. Kuoa katika ukoo wa baba nako hakupendezi, ingawa hakukatazwi kwa ukali huohuo. Mtoto aliyelelewa na nyumba nyingine anaweza kuleta rangi ya pili, naye mwekee nyota pembeni.

Usidhani kwamba watu wa ukoo mmoja wanakaa mtaa mmoja. Mwanaanthropolojia Mmarekani Kroeber alifanya kazi Zuni mwaka 1915 na 1916 akaandika ukoo wa kila nyumba. Alichokiona ni kwamba koo zimetawanyika kijiji kizima. Ukoo unaamua nani asioane na nani, na nani ana haki ya shughuli fulani za dini. Kazi za kila siku, kama kupika, kulima, kulea na kuhifadhi chakula, ni za nyumba. Ukimwandikia ukoo kazi za nyumba, utaunda Wazuni ambao hawajawahi kuwapo.

Jaza majina, ukianza kukeni

Upande wa mama ni mwepesi. Mama ni tsitta, na jina hilo humfikia pia dada ya mama. Mama wa mama ni hotta, na babu wa pande zote mbili ni nanna. Mjomba ni kyakya. Yeye humwita mtoto wa dada yake kyasse, neno ambalo mwanamume hulitumia kwa wapwa zake wa kike na wa kiume.

Sikio la Mswahili lina mtego wake hapa, na ni vizuri uuvunje mapema. Papa kwa Kizuni si baba, ni kaka mkubwa, na kwa tahajia ya b neno hilo huzidi kufanana na baba. Kaka, kwa wanaoandika hivyo, ni mjomba. Kuku ni shangazi. Nanna ni babu. Kwa wiki ya kwanza andika tafsiri ya Kiswahili chini ya kila neno. Mfasiri mzuri anaweza kumgeuza mjomba kuwa kaka katika ukurasa mzima asigundue, kwa kuwa sentensi inabaki na maana.

Ndugu wa tumbo moja

Hapa ndipo unapohitaji kumjua msemaji. Kwa wakubwa, wote husema sawa: kaka mkubwa ni papa, dada mkubwa ni kyawu. Kwa wadogo njia zinaachana. Mwanamume humwita mdogo wake wa kiume suwe na mdogo wake wa kike ikina. Mwanamke humwita mdogo wake hanni, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo ukikuta hanni, anayesema ni mwanamke. Ukikuta suwe au ikina, ni mwanamume. Neno moja tu limekuambia jinsia ya msemaji bila mwandishi kuitaja, na mara nyingi hilo linatosha kutengua aya ambayo hukujua nani anamjibu nani.

Watoto wa dada wawili huitana kwa majina hayohayo, wakipimana kwa umri. Usiwatafutie neno la binamu. Wamekulia nyumba moja, mama zao wote ni tsitta, na hakuna sababu ya kuwatenga.

Kuumeni, penye kazi kubwa

Chukua karatasi ya pili uchore nyumba alikozaliwa baba, bibi mwenye nyumba hiyo juu kama kawaida. Mama wa baba ni wowo. Tazama kwamba bibi hawa wawili hawashiriki jina: hotta ni wa nyumba yako, wowo ni wa nyumba ya baba yako. Dada ya baba ni kuku. Ndugu za baba wa kiume ni tachchu kama baba mwenyewe, na jina hilo huenea kwa wanaume wa ukoo wake.

Mzuni akijitambulisha hutaja vyote viwili: mimi ni wa ukoo wa melesi, mtoto wa ukoo wa mahindi. Wa kwanza ni wa mama, ndiyo rangi yake kwenye mchoro. Wa pili ni wa baba. Huo usimpakie rangi, mwekee ukingo wake tu kuzunguka alama, ili macho yasichanganye.

Ukoo huo wa pili si mapambo. Mtoto mchanga akifikisha siku ya nane, wanawake wa upande wa baba yake humwosha kichwa, kisha hutolewa nje alfajiri, akielekezwa mashariki, aonyeshwe kwa jua huku dua ikisomwa na unga wa mahindi ukitolewa. Kuku na wowo ndio wenye shughuli. Ukimweka mama wa mtoto mbele katika tukio hilo, mchoro wako umeelekea nyumba isiyohusika.

Sasa mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Bibi wa ukoo wa melesi ana binti na mwana. Binti amemzaa msichana, tumwite K, na mvulana, tumwite M. Wote ni wa melesi na wako nyumbani kwa bibi. Mwana wa bibi ameoa mwanamke wa ukoo wa jua, amehamia huko, na amepata mtoto tunayemwita J. J ni wa ukoo wa jua. Kwa J, mama wa K na M ni dada ya baba, kwa hiyo ni kuku. Kwa kanuni, binti wa kuku naye ni kuku, na mwana wa kuku ni tachchu. Basi J atamwita K shangazi na M baba, hata kama J ana miaka 40 na M ana 12.

Anayeona ajabu hapa anapima kwa vizazi. Pima kwa nyumba. Kwa J, watu wote waliozaliwa katika nyumba alikotoka baba yake ni upande wa baba, basi: wanawake, ukimwacha wowo, ni akina shangazi, wanaume ni akina baba. Umri hauna neno. Ukikariri kanuni hiyo moja, nusu ya maneno yanayowasumbua wasomaji wa Kizuni yanajinyoosha.

Lakini usiigeuze kuwa sheria ya chuma. Kroeber aliwasikia watu haohao wakiitana kaka na dada, na wataalamu waliomfuata wakaeleza kwamba jina hubeba pia wajibu unaotajwa wakati ule. J akienda kwa shughuli ya ibada inayodai watu wa upande wa baba, K ni kuku. Wakiwa wanakula pamoja siku ya kawaida, anaweza kuwa kyawu. Watu wawili wanaweza pia kuwa na njia mbili au tatu za undugu, kwa kuwa kijiji ni kimoja na ndoa zimepishana kwa karne. Kwa hiyo kila neno unaloliandika kwenye mstari liandikie njia yake kwa herufi ndogo: kwa baba, kwa mama, kwa ndoa, au kwa ibada. Maneno mawili juu ya mstari mmoja hayapingani mradi njia zake zimeandikwa.

Wakwe na majina ya kuzunguka

Upande wa ndoa una maneno machache, na watu hupenda kuzunguka. Mtu huitwa kwa mtoto: jina la mtoto, kisha an tsitta, yaani mama wa fulani, au jina la mtoto, kisha an tachchu. Hili halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyezoea kumwita mtu Mama Fulani. Linalohitaji uangalifu ni kwamba bibi naye huweza kuitwa kwa mjukuu, na mjukuu huyo anaweza kuwa wa binti yeyote. Usimpe mtu mtoto kwa sababu tu ameitwa kwa jina la mtoto huyo. Hakiki kwanza kama neno lililotumika ni la mama au la bibi.

Undugu wa ibada

Kuna mistari isiyo ya damu wala ndoa, na itakayokusumbua zaidi ni ya kiva, yaani chumba cha ibada. Wavulana wote huingizwa katika moja ya makundi sita ya kiva, kila mvulana akiwa na baba wa ibada. Mchore kwa mstari wa mawimbi, wala usimhamishie ukoo. Katika ibada wanaume wanaovuta tumbaku pamoja hubadilishana majina ya undugu kwa jozi: baba na mwana, papa na suwe, kyakya na kyasse, babu na mjukuu. Ukikutana na mnyororo wa jozi kama huo katika tafsiri ya dua, usikimbilie kuchora watu wanane. Mara nyingi ni wawili tu, wanaofungana kwa kila kamba ya undugu iliyopo.

Zaidi ya hapo, kalamu iwekwe chini. Nyumba fulani hutunza vitu vitakatifu vinavyokaa humo kizazi hadi kizazi, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini nyumba ya mama haikatiki. Inatosha kuandika kwamba nyumba ina wajibu wa ibada. Vitu vyenyewe, mahali vilipo na maneno yake si mali ya mchoro wako, hata kama umevikuta vimechapishwa.

Kuujaribu mchoro kwa Shalako

Njia nzuri ya kujua kama mchoro unafanya kazi ni kuuliza nani atakuja kusaidia. Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba, hufanyika sherehe ya Shalako, yaani ya ujio wa wageni watakatifu, na nyumba zitakazowapokea hujengwa upya au kukarabatiwa mwaka huo. Kazi hiyo humaliza nguvu na akiba ya nyumba moja, kwa hiyo jamaa hukusanyika. Weka kidole kwenye nyumba mwenyeji, kisha fuata rangi. Watakaokuja kama wenyeji ni watu wa rangi hiyo, popote walipooa. Waume wa wanawake wa nyumba hiyo watabeba mawe na mbao, na jamaa za hao waume wataongezeka nyuma yao. Kama mchoro hauwezi kukuonyesha waliooa kwingine wakirudi kwa mama zao, umesahau alama za vitone.

Makosa yanayorudi

Kosa la kwanza ni kumfanya mume mkuu wa nyumba. La pili ni kumwita mjomba mlezi wa ziada, ilhali katika ukoo yeye ndiye mwanamume mwenye neno, na baba ni mtu wa mapenzi na kazi ambaye ukoo wake ni mwingine. La tatu ni kuchukua maelezo ya Cushing, mtafiti Mmarekani aliyefika Zuni mwaka 1879, na kuyaandika kana kwamba ni ya leo. Siku hizi familia nyingi huishi katika nyumba za mume, mke na watoto, zilizoenea mbali na kijiji cha zamani, zikiwemo za Black Rock upande wa mashariki. Ukoo bado ni wa mama, na kuku bado ana kazi yake kwa mtoto wa kaka yake, lakini mstatili mmoja wa zamani unaweza leo kuwa mistatili minne midogo. Chora hiyo minne, uiunganishe kwa mstari mzito unaopita kwa bibi.

Kwenye pembe ya chini ya kila karatasi andika mambo matatu: mwaka unaozungumziwa, jina au herufi ya msemaji ambaye maneno ya hanni, suwe na ikina yamepimwa kwake, na tahajia uliyotumia. Ukibadilisha msemaji kutoka M kwenda dada yake K, usifute. Chukua karatasi mpya unakili nyumba ileile, kisha ujaze maneno ya ndugu wadogo upya.